Magamba ya Namba Sita

Kitabu kilichoniponza nilikinunua shilingi 50 mwaka 2010, kwa mzee aliyekuwa akitandaza vitabu vya mitumba juu ya turubai karibu na soko la Jubilee, Kisumu. Hakikuwa na jalada la nyuma, na kurasa za mwisho zilikuwa zimeondoka na jalada. Mzee aliapa kwamba hazizidi mbili. Nilikuwa kidato cha pili, na hizo hamsini zilikuwa nauli yangu. Basi nikarudi Manyatta kwa miguu huku nasoma, najikwaa, natukanwa na watu wa boda, na nilipofika Kondele nilikuwa tayari nimempenda mvulana aliyeacha kuzeeka mwaka 1918.

Wanaokijua wameshakijua. Ni Twilight, ile riwaya ya Stephenie Meyer iliyotoka 2005, ya msichana anayehamia Forks, mji mdogo wenye mvua isiyokatika kule jimbo la Washington, Marekani, akajikuta darasani kando ya kijana mweupe pe, mzuri kupita kiasi, asiyeonekana akila kitu. Mnyonya damu. Watu wazima huicheka riwaya hiyo, na mimi huicheka pamoja nao, kwa sababu sasa ni mimi ninayeuza vitabu na muuzaji hawezi kugombana na kila mpita njia. Lakini kabla yake hakuna kitabu kilichokuwa kimenishika namna ile. Vitabu vya shule vilijaa watu wazima na matatizo ya watu wazima: mashamba, siasa, wake wawili. Hiki kilikuwa na msichana wa miaka kumi na saba anayesema "mimi", anayeuonea haya mwili wake, na kila sura iliishia mahali ambapo huwezi kuzima taa. Nyumbani kwetu taa ilikuwa koroboi, na mama aliyapima mafuta kwa jicho. Nilisoma kwa mwanga uliopenya chini ya mlango kutoka kwenye balbu ya ua, tumbo sakafuni, kidevu sakafuni.

Ploti yetu ilikuwa na vyumba kumi, vitano vikitazamana na vitano, kamba za nguo katikati. Sisi tulikaa namba tatu. Namba sita alikaa mama mmoja peke yake. Sitamtaja jina, na hata wakati huo hatukulitumia. Mwanamke wa ploti huitwa kwa mtoto wake, Mama Fulani, naye hakuwa na mtoto wa kumwitia. Akawa Namba Sita. Alitoka usiku, saa tisa au saa kumi, mlango ukilia kidogo, akarudi jua limeshachomoza. Mchana pazia limefungwa. Hakukopa chumvi, hakukopesha, na kwenye chama cha akina mama Jumapili hakuonekana.

Jumamosi moja nilikuwa nimeketi mlangoni na kitabu changu. Nimefika pale ambapo yule kijana wa Forks anaingia kwenye jua kwa mara ya kwanza mbele ya msichana, na ngozi yake inametameta kama iliyopachikwa almasi. Namba Sita akaingia getini. Jua la saa mbili lilikuwa likipiga ukuta. Mikono yake, toka vidole hadi viwiko, ilimetameta.

Siongezi chumvi. Ilimetameta kweli.

Shuleni tulikuwa wasichana sita tuliokipokezana kitabu kile, na kila aliyemaliza alikuja kwangu na swali moja: halafu? Maana nakala yangu ilikatika msichana akiwa kati ya kufa na kupona. Kurasa zilizokosekana, nilikuja kujua miaka baadaye, zilizidi 30. Mzee wa turubai alikuwa mwongo au alikuwa hajui kuhesabu. Kwa hiyo nikaanza kuwasimulia mwisho nilioutunga mwenyewe, wakati wa chakula cha mchana, kwa malipo ya mandazi. Katika mwisho wangu ile familia ya wanyonya damu ilitawanyika, na mmoja wao, mwanamke, alikuja kujificha Afrika, mahali palipo na jua kali kiasi kwamba hakuna ambaye angefikiria kumtafuta. Alipanga chumba Manyatta. Namba sita. Nikawapa geti, nikawapa pazia, nikawapa mlango unaolia saa tisa usiku na mikono inayometameta. Yote ni kweli, na kwa sababu ni kweli hadithi ilinoga. Walipiga mayowe kwa raha. Sijawahi kuwa na wasikilizaji kama wale tena.

Mayowe yalikuwa ya raha kwa sababu vampaya, kama tulivyomwita, hakuwa na jamaa yeyote Manyatta. Ni neno lisilo na kaburi wala boma, na hakuna mzee wa mtaa aliyewahi kuamua kesi yake. Lakini wasichana walirudi kwao wakasimulia, na dada zao na mama zao hawakuwa na haja ya kuazima neno wakati wana yao. Kwa Kiswahili akawa mwanga. Kwa Kijaluo akawa jajuok, yule anayekimbia uchi usiku na kukwaruza milango ya watu, ambaye tabia yake, wanasema, iko kwenye damu ya ukoo. Hadithi ilitoka kinywani mwangu ikiwa na kijana mzuri wa Marekani. Baada ya wiki tatu ilirudi ploti haina kijana, haina Marekani, imebaki na mwanamke asiye na mtoto anayetoka usiku.

Kuna usiku ambapo watu wa Kisumu na vijiji vya kando ya ziwa hupiga sufuria. Ni nyawawa, roho zinazopita na upepo, na kelele ndizo huzisukuma zirudi ziwani. Mtoto aliyekulia huko haoni jambo kubwa. Ni kama sherehe iliyotiwa hofu kidogo, vifuniko, mabati, mbwa wote wa mtaa. Kelele huanzia upande mmoja, hupokezwa ploti hadi ploti, hupotea kuelekea majini. Usiku ule zilipofika kwetu hazikuondoka. Nilizisikia zikiingia getini, zikapita namba moja, mbili, zikatupita sisi, zikasimama. Kisha jiwe la kwanza likaanguka juu ya mabati.

Mama alijifunga leso akatoka. Mama alikuwa mtu wa Mumias, Mwislamu, mshonaji wa Kibuye, ameolewa na Mjaluo wa Nyakach, na kwa hiyo nyumbani kwetu Kiswahili ndicho kilichotupatanisha sote. Alipotaka watu wanyamaze hakupaza sauti, aliishusha. Alisimama mbele ya mlango wa namba sita akasema, "Nyawawa wanapita juu. Hapa chini mnampigia nani?"

Mtu mmoja akamjibu, si kwa ubaya, kwa mshangao tu kwamba hajui: "Mama, si umuulize binti yako? Yeye ndiye aliyemwona."

Walitawanyika wakinung'unika. Mama aliporudi ndani hakunipiga, na ningependa angenipiga. Aliketi kitandani akaniuliza kama nakumbuka habari za Kisii. Nani hakuzikumbuka? Ilikuwa miaka miwili tu tangu Mei 2008, umati ulipochoma watu 11 kule Kisii, wengi wao wazee, kwa tuhuma za uchawi. Tulizisikia redioni siku nzima. "Unajua ule moto uliwashiwa wapi?" akauliza. Nikanyamaza. Akajigusa midomo.

Saa tisa ya usiku uliofuata aliniamsha, akanivika sweta lake, akanipeleka hadi namba sita na kubisha. "Dada," akasema, "huyu leo atakusindikiza kazini." Namba Sita alinitazama kwa muda. Halafu akanipa beseni nibebe.

Tulipita Kondele tukaenda Obunga. Hakusema neno njia nzima, nami nilikuwa nikihesabu hatua zangu. Nje ya geti la kiwanda kimoja cha samaki palikuwa na wanawake labda arobaini, wamekaa chini kwa mstari, kila mmoja na beseni au karai lake, wengine wamelala wakiegemea migongo ya wenzao. Kiwanda huchukua mbuta, yaani sangara, hutoa minofu, minofu husafirishwa kwenda kuliwa Ulaya. Kinachobaki ni kichwa na uti wa mgongo wenye nyama kidogo iliyong'ang'ania, na hicho ndicho mgongo wazi, chakula cha jioni cha nusu ya Kisumu. Geti lilipofunguliwa sikuona foleni, niliona vita. Namba Sita, mtu ambaye sikuwahi kumsikia akikohoa, alipigana kwa viwiko.

Nafungua mabano hapa kuhusu mbuta, kwa kuwa tangu siku hiyo huwa namfikiria kila ninaposoma kuhusu wanyonya damu. Si samaki wa ziwa letu. Aliletwa miaka ya 1950 na ya mapema ya 1960, akaanza kula wenyeji, na aina nyingi sana za samaki wadogo waliokuwa ziwani hapo peke yake duniani zikatoweka au zikabaki chache mno. Ni mgeni mkubwa, mwenye macho yanayong'aa gizani, aliyekula jirani zake wote akatajirisha watu wa mbali. Hakuna aliyempigia sufuria. Nimefunga.

Kazi yenyewe ilifanyika nyuma ya kibanda cha mabati. Kuosha, kupara magamba yaliyobaki kwenye vichwa na mapezi, kukata, kutia chumvi, kukaanga kwenye karai la mafuta yanayoruka. Magamba ya mbuta ni makubwa, na yakirukia ngozi iliyolowa hushika kama gundi. Unayafuta, yanahamia mkono wa pili. Jua lilipochomoza nyuma ya vilima vya Kajulu nilikuwa nimeinama juu ya beseni. Nikatazama mikono yangu. Ilimetameta hadi viwikoni.

Hapo ndipo aliponisemesha. Alikuwa amekaa kwenye kigoda, makovu ya mafuta yamepanda mkono wake kama njia ya siafu. "Wanasema niko ndani ya kitabu," akasema. "Nafanya nini humo?"

"Hauko, mama. Mwisho wake ulikuwa umekatika. Nikajazia."

"Ukajazia na mimi."

Hakungoja jibu. Aligeuza samaki. Tulipomaliza alifunga vipande viwili vya mgongo wazi kwenye gazeti, nimpelekee mama, akarudi nyumbani kulala, pazia limefungwa, kama anavyolala mtu yeyote anayeamka saa nane usiku. Mwisho wa mwezi alihama. Alimuaga mama peke yake.

Habari zilipofika shuleni, aliyelaumiwa alikuwa kitabu. Mwalimu mmoja alivikusanya vyote vyenye picha ya mbwa mwitu, mwezi au msichana aliyevaa nyeusi, akaviita vya shetani. Simshangai sana. Alikuwa mtu mzima wakati ule wa 1994, Rais Moi alipounda tume nzima ya kuchunguza ibada za shetani nchini, na kizazi chake kilizoea kutazama chini ya kitanda cha bweni. Mama, ambaye hakuwahi kumaliza kitabu chochote isipokuwa Msahafu, alikataa. "Kitabu hakimjui jirani yetu," alisema. Alinirudishia nakala yangu isiyo na mwisho akaniambia niitunze. Ninayo.

Kibanda changu sasa hakiko mbali na pale mzee alipokuwa akitandaza turubai. Vitabu huja kwa magunia kutoka Nairobi, na gunia ni bahati nasibu: mapishi ya Kiingereza, miongozo ya kompyuta zilizokwishakufa, hadithi za Biblia zenye michoro, na katikati yake, kama punje za dhahabu kwenye mchanga wa Migori, riwaya za vijana. Kitu cha kwanza ninachofanya ni kufungua kila moja nyuma. Isiyo na mwisho haipandi mezani, huenda kwa mama wa njugu akafungie. Shida kubwa zaidi ni mfululizo. Sehemu ya kwanza huja, ya tatu huja, ya pili haiji. Nimeona mvulana mwenye ndevu karibu alie kwa ajili ya sehemu ya pili.

Wateja wangu ni sare za shule, na maswali yao ni mafupi. "Anti, uko na ya vampaya?" "Uko na ya miungu?" Wazazi wao huuliza moja tu: "Hii si ya mashetani?" Kwao nina kigoda. Nawaambia, mzazi, keti usome sura ya kwanza, sitakutoza. Wengi hawaketi. Baba mmoja aliketi kuanzia saa nne, akaondoka saa saba na vitabu viwili, na sidhani kimoja kilikuwa cha mtoto.

Mwaka juzi alikuja kijana wa darasa la nane hivi aliyeletwa na dada yake kwa nguvu. Alisema herufi humchezea, hazitulii. Nikampa kitabu cha kwanza cha Percy Jackson cha Rick Riordan, kwa sababu najua kilivyozaliwa. Riordan alikuwa mwalimu huko Texas, mwanawe alikuwa na tatizo hilohilo la kusoma, na baba alianza kumtungia usiku hadithi ya mvulana ambaye herufi humchezea kwa kuwa ubongo wake umeumbwa kwa Kigiriki cha kale, naye ni mwana wa Poseidon, mungu wa bahari. Kilichapishwa 2005, mwaka uleule wa msichana wa Forks. Ndani yake miungu ya Ugiriki imehama. Imefuata mahali palipo na nguvu, na sasa makao yao yako ghorofa ya 600 ya jengo la Empire State, New York, ghorofa ambayo haipo. Medusa naye ana duka la sanamu za bustani kando ya barabara New Jersey, na ukitazama vizuri sanamu zake zote zina nyuso za watu walioshtuka.

Yule kijana alisoma amesimama, siku nne, mkoba mgongoni. Siku ya tano akauliza: "Anti, mbona miungu yao inahama na watu wetu wa zamani hawahami?"

Nikamwambia wanahama sana, ni sisi tusiowasindikiza. Jibu la kujionyesha, naye hakulipokea. Alikuwa anafikiria Lwanda Magere, yule shujaa wa Wajaluo wa Kano aliyekuwa na mwili wa jiwe, mikuki ya Wanandi ikimrukia na kuanguka, hadi mke wake wa Kinandi alipogundua kwamba uhai wake uko kivulini. "Angekuwa na mtoto anasoma shule ya siku hizi," akasema, "saa sita mchana hana wasiwasi, kivuli ni kidogo, kiko chini ya miguu. Anachoogopa ni saa kumi na moja jioni. Wakati wa michezo. Kivuli kirefu kimelala uwanjani na kila mtu anakikanyaga."

Nilimpa kitabu bure. Hiyo ni mara moja katika biashara yangu yote na haitarudiwa.

Lakini sentensi yake ilinikaa, na ilinichukua muda kujua kwa nini. Yeye aliiona hadithi akiwa ndani ya mwili wa yule mtoto anayekanyagwa kivuli. Mimi, nilipokuwa na umri kama wake, nilisoma kitabu changu chote nikiwa msichana anayechungulia. Kitabu chenyewe kimekaa hivyo: anayesema "mimi" ni yule anayemtazama mwenye ajabu, na mwenye ajabu hutazamwa tu, huvutia, hutisha, huelezwa ngozi yake. Nilijifunza kutazama kwa namna hiyo, nikageuza shingo nikatazama namba sita. Silaumu kitabu. Mama alishaamua kesi hiyo. Ila siku hizi, gunia likifunguliwa, baada ya kuangalia kama mwisho upo, naangalia nani anasema "mimi".

Ndiyo maana napenda kuwauzia riwaya ya Nnedi Okorafor ya 2011, ingawa huja mara chache na bei yake huwafanya wakune kichwa. Sunny ana ualbino, amezaliwa New York kwa wazazi wa Nigeria, anaishi Nigeria, na wenzake wa darasani wanamwita mchawi kwa matusi kabla hajagundua kwamba uwezo anao kweli. Tunaingia pamoja naye, hatumchungulii dirishani. Marekani inaitwa Akata Witch, na witch ni mchawi. Ilipochapishwa Nigeria yenyewe ilipewa jina lingine, jina ambalo neno mchawi halimo. Sijasoma popote wakieleza sababu, lakini mtu aliyesimama mlangoni usiku wa sufuria anaweza kubahatisha. Neno moja linaweza kuwa pambo kwenye jalada likiwa New York na kuwa jiwe juu ya mabati likifika nyumbani.

Na kuna Grace Ogot wetu, wa Asembo. Hadithi yake ya Oganda, iliyomo kwenye mkusanyiko wake wa 1968, binti ya chifu anayechaguliwa atolewe kwa mnyama wa ziwani ili mvua inyeshe, nimeisoma labda mara thelathini. Kijiji kinashangilia kwamba msichana ametukuzwa. Yeye anajiandaa, anasafiri peke yake, mguu baada ya mguu, kuelekea majini, nasi tunatembea naye. Ukiiondolea jina la mwandishi na tarehe ukaiweka mezani kwangu, vijana wangeiita ya "mteule" wakauliza sehemu ya pili. Hakuna neno wanalolipenda kama mteule. Mimi nikilisikia namwona Oganda, na kijiji kizima kikicheza ngoma kwa sababu aliyeteuliwa si wao.

Kwa dani, bibi yangu wa Nyakach, hakukuwa na wateule. Huko ndiko alikoishi Omieri, yule chatu ambaye watu walimheshimu kwa kuwa ujio wake ulikuwa dalili ya mvua na mavuno. Alipoungua kwenye moto mwaka 1987 alipelekwa Nairobi kutibiwa, akafia huko, na dani alilisimulia jambo hilo kama msiba wa mkwe. Nikiwa mdogo nilidhani kila mtu ana nyoka aliyewahi kulazwa. Lakini hadithi aliyoirudia zaidi ni ya Simbi, kile kiziwa cha mviringo karibu na Kendu Bay. Kijiji kilikuwa na sherehe. Bibi kizee mchafu akaja usiku, mvua inakuja, akaomba hifadhi, wakamfukuza mlango hadi mlango. Mwanamke mmoja tu alimpokea. Bibi akamwambia aondoke na watu wake upesi, asingoje asubuhi. Kisha maji yakaja, kijiji kikazama na ngoma zake. Dani akifika hapo husema thu tinda, maneno ya Kijaluo ya kufunga hadithi, na thu tinda ikishasemwa huulizi kitu.

Ningeuliza. Yule bibi alilala wapi usiku uliotangulia? Mikono yake ilikuwa na nini? Hadithi inalijua jina la kijiji na inaujua mlango uliofunguliwa, lakini yeye haimwiti kwa jina. Hata dani, ambaye alikuwa upande wake, alimsimulia akiwa amekaa ndani ya nyumba, akimtazama kupitia mlangoni.

Nina daftari chini ya meza. Nimejaribu kuiandika Simbi kwa Kiswahili, kwa ajili ya wale wa sare, yeye mwenyewe akiwa ndiye "mimi". Sherehe nimeihamishia Manyatta, harusi, hema la kukodi, spika mbili kubwa. Kufika getini nimefika vizuri. Nimemvika sweta, nimempa beseni. Nimefika ukurasa wa 11 na hapo nimekaa tangu Aprili, kwa sababu mlango umefunguliwa, mtu ametoa kichwa na kumuuliza anataka nini, na kila ninapomfungua kinywa ajibu, anauliza kile alichoniuliza Obunga.

Nimemwandikia majibu manne, na yote nimeyakata.